GEJI ZA INJINI YA LORI

Mtu akishikwa na homa, mwuguzi hamtazami uso tu. Humpima kwa kipimajoto, akasoma hesabu yake. Injini nayo haina kinywa cha kusema, "Naungua." Kwa hiyo dereva amewekewa vipimo mbele ya macho yake, navyo huitwa geji.

Nakapanya iko katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, kando ya njia kuu itokayo Songea kwenda Masasi na bandari ya Mtwara. Wakati wa korosho malori hupita hapo yamejaa magunia. Tuseme mpira wa maji wa lori moja umepasuka njiani. Dereva asiye na geji haoni neno. Huendelea, hata kichwa cha injini kikapinda na pistoni zikakwama. Basi mwenye lori amepoteza injini nzima, na mali za watu zimelala porini. Lakini dereva aliyeuona mshale ukipanda, akazima injini mara moja, hununua mpira tu.

Injini ya dizeli ina jina la Rudolf Diesel, fundi Mjerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Haina cheche ya umeme ya kuwasha mafuta. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa humo yakawaka yenyewe.

Kuchagua geji

Ya kwanza ni geji ya oili. Hii haipimi wingi wa oili, bali nguvu ya pampu inayoisukuma. Pasipo nguvu hiyo vyuma husagana, na injini hufa kwa dakika chache. Ile taa nyekundu ya oili huwaka wakati nguvu imekwisha karibu yote. Geji huonyesha ikipungua kidogo kidogo.

Ya pili ni geji ya joto la maji. Katika injini nyingi joto jema ni digrii 80 hata 95 za sentigredi. Lakini angalia: maji yakiisha kabisa, kipimo hakiguswi tena na maji, na mshale huweza kushuka hali injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafula ni wa kuogopwa kama uliopanda.

Ya tatu ni geji ya umeme, na ya nne, kwa injini yenye turbo, ni geji ya joto la moshi. Hiyo ya nne hutumia nyaya mbili za madini mbalimbali zilizounganishwa ncha. Ncha ikipata moto, umeme kidogo hutokea. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821. Nyaya hizo zisikatwe wala kuungwa kwa waya wa kawaida, maana hesabu itaharibika.

Tena, malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, na magari madogo volti 12. Geji ya volti 12 ikitiwa katika volti 24 itaungua. Geji na kipimo chake vinunuliwe pamoja, maana visipopatana mshale utasema uongo.

Kufunga geji

1. Ngoja injini ipoe. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ingali moto, maana maji yataruka na kukuunguza.

2. Fungua kwanza waya wa hasi wa betri.

3. Penye kipimo cha taa ya oili, tia kiungo chenye matundu matatu, ili taa ibaki pamoja na geji. Usikaze kupita kiasi, wala usizungushe utepe mwingi, maana vipimo vingi hupata njia ya umeme kwa kugusa chuma cha injini.

4. Waya unapopita katika tundu la bati, weka mpira usikatwe. Uuepushe na bomba la moshi, na utie fyuzi.

5. Ukitoboa bomba la moshi kwa ajili ya geji ya nne, lifungue kwanza, ulitoe nje. Chembe za chuma zikiingia katika turbo zitaivunja.

6. Funga geji mahali ambapo dereva aziona bila kuiacha njia kwa macho. Kisha washa injini, ukague kila kiungo kama kinavuja.

Hata hivyo, geji haitengenezi kitu, yaonya tu. Dereva ajue mahali pa kila mshale siku ambayo injini ni nzima, apate kutambua siku ile inapougua. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mwenye kuonywa asisikie, asiilaumu njia.

Maswali

1. Kwa nini taa ya oili peke yake haitoshi?

2. Mshale wa joto la maji ukishuka ghafula, yawezekana ni kwa sababu gani?

3. Kwa nini volti za lori zijulikane kabla ya kununua geji?

4. Eleza maana ya maneno haya: Geji haitengenezi kitu, yaonya tu.