Filamu Bora Kuliko Zote: Hadhira ya Itumbe na Sauti ya Msimulizi

Utangulizi

Wapenzi wa filamu wana swali moja wasilochoka kuulizana: ni filamu ipi iliyo bora kuliko zote ulizowahi kutazama? Swali ni jepesi kuuliza, lakini jibu lake huweza kukesha nalo watu hadi majogoo. Makala haya yanalichukua swali hilo kama lilivyojadiliwa nyumbani kwetu Itumbe, katika nyanda za juu za Wagusii, na kulitazama kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja yetu ni moja. Filamu nyingi za kigeni zinazopendwa na watazamaji wa vijijini zimewafikia kupitia kwa msimulizi wa Kiswahili. Kwa hiyo, mtazamaji anapozisifu, anasifu pia kazi ya sanaa iliyotungwa kwa Kiswahili, nasi tunaosoma fasihi ya lugha hii hatuna udhuru wa kuipuuza.

Mjadala wenyewe

Itumbe ni sehemu ya majani chai. Wakati wa likizo ya Desemba, baada ya majani kupimwa kituoni na watu kunawa mikono, majirani hukusanyika jioni katika nyumba yenye runinga. Jioni moja mjadala ulizuka. Binamu yangu alishikilia kwamba hakuna filamu inayoishinda Commando (1985), ambamo Arnold Schwarzenegger anapambana na jeshi zima peke yake ili kumwokoa bintiye. Mjomba alimcheka, akasema kwamba aliyeitazama Enter the Dragon (1973) ya Bruce Lee hana haja ya bunduki. Shangazi aliitaja Sarafina! (1992), inayohusu wanafunzi wa Soweto chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi.

Nyanya yetu, ambaye aghalabu husinzia mijadala ya vijana inapopamba moto, aliunga mkono Sarafina!. Alimkumbuka mwalimu aliyekamatwa na kufia kizuizini, na alisimulia tukio hilo kana kwamba lilitokea kijiji cha pili. Nyanya hajui Kiingereza. Kiswahili chake amejifunzia sokoni na katika mashamba ya chai ya Kericho.

Kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuoni na majivuno yangu, niliona fahari kuwaletea nakala safi ya filamu hiyo, isiyo na sauti ya msimulizi. Niliwaambia kwamba sasa wataiona filamu halisi. Dakika kumi hazikupita kabla nyanya hajaniuliza kwa Ekegusii: "Mjukuu wangu, mbona watu hawa leo wamenyamaza?"

Wahusika walikuwa wakizungumza wakati wote. Kwake yeye, walikuwa wamenyamaza. Swali hilo lilinifunza jambo ambalo sikulipata katika mihadhara: filamu niliyoiita halisi ilikuwa imemfukuza nyanya kutoka kwenye mjadala ambao dakika chache awali alikuwa akiuongoza.

Msimulizi kama fanani

Usimulizi wa filamu si jambo geni duniani. Nchini Japani, enzi ya filamu zisizo na sauti, palikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuwasemea wahusika. Baadhi yao walivuta watazamaji kuliko hata waigizaji. Katika Afrika Mashariki, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa na wakoloni kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, wenye makao yake Vugiri nchini Tanganyika, ulipiga picha bimbi, kisha ukaambatisha maelezo ya lugha za wenyeji yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri. Basi tangu mwanzo, watazamaji wengi wa huku wamezoea picha kutoka upande mmoja na sauti kutoka upande mwingine.

Tofauti ni kwamba sauti ya mkoloni ilikuja kuagiza, ilhali sauti ya msimulizi wa leo imetoka mtaani kwenyewe. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro amefanya vivyo hivyo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Uganda imepiga hatua nyingine: katika filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga jijini Kampala, sauti ya msimulizi VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe.

Tukimchunguza msimulizi huyu kwa zana za fasihi simulizi, tunamwona fanani kamili. Ana hadhira yake na anaifahamu. Hatafsiri neno kwa neno, bali hufupisha penye urefu na kurefusha penye utamu. Huwabandika wahusika majina ya mitaani, hutia methali na mzaha, huwaonya wahusika wasioweza kumsikia na kuwatania watazamaji wanaomsikia. Mtambaji wa hadithi jikoni hafanyi zaidi ya hayo.

Hata hivyo, kumwita fanani si kumsamehe makosa. Wapo wasimulizi wanaozungumza juu ya wimbo, na katika Sarafina! nyimbo ndizo uti wa mgongo. Wapo wanaotia kichekesho mahali palipostahili kimya. Wapo pia wanaowadhihaki wanawake ilhali filamu yenyewe haikufanya hivyo. Makosa haya yanahitaji wahakiki, na wahakiki wenye ujuzi wa Kiswahili ni sisi.

Je, steringi hafi?

Kigezo kilichotawala mjadala wetu kilikuwa hatima ya shujaa, yaani steringi. Binamu yangu alitoa hukumu isiyo na rufani: filamu ambamo steringi anakufa imeharibika. Imani hii imeenea sana katika vibanda vya video, na ina mantiki yake. Mtu aliyeshinda akiinamia majani chai tangu alfajiri ana haki ya kutamani kumwona mnyonge mmoja akishinda.

Lakini kigezo hiki hakisimami kikipimwa kwa fasihi yetu. Fumo Liyongo, shujaa mkuu wa tendi za Waswahili, aliuawa kwa hila na mwanawe mwenyewe, na kifo hicho ndicho kilichoutia utendi wake uzito. Nasi Wagusii hatuhitaji kwenda pwani kutafuta mfano. Mwaka 1908, Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, katika upinzani ambao jina la Moraa halitenganishwi nao. Otenyo aliuawa na wakoloni. Hakuna mzee wa Kigusii anayesema kwamba kisa hicho kimeharibika kwa kuwa steringi alikufa. Nilipomweleza binamu yangu hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi Otenyo angepata mtu wa kumsimulia vizuri." Jibu hilo lilinipa hoja kuliko nililompa mimi.

Wahusika wanaposema Kiswahili

Tunapaswa pia kuuliza mambo huwaje filamu yenyewe inapozungumza lugha yetu. Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inamhusu Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za kigeni na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Kwa maneno mengine, shujaa wa filamu hiyo anaanza akiwa aina ya msimulizi, kisha anakwenda Nairobi kutafuta jukwaa lake. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina inamweka mtoto mgonjwa mahututi kati ya watu wa kijiji wanaoamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Kwa upande wa Tanzania, Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021.

Tulipoitazama Nairobi Half Life pale nyumbani, nilitarajia kwamba msimulizi hatahitajika. Nilikosea kwa mara ya pili. Sheng ya vijana wa Nairobi ilimpita nyanya kando, na binamu yangu, yule shabiki wa Commando, akaanza kumfafanulia maneno moja baada ya jingine. Baada ya nusu saa alikuwa akibadilisha sauti kwa kila mhusika, na chumba kizima kilikuwa kikimsikiliza yeye. Yaelekea basi kwamba usimulizi hauzibi tu pengo la lugha ya kigeni. Ni njia yetu ya kutazama pamoja, mwenye kujua akimvuta asiyejua ili wacheke kwa wakati mmoja.

Vigezo tunavyopendekeza

Hata wataalamu hawakubaliani kuhusu filamu bora. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, limekuwa likiwauliza wahakiki swali hili kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Citizen Kane ilishika nafasi ya kwanza kuanzia 1962 hadi 2002, ikaondolewa na Vertigo mwaka 2012, nayo Vertigo ikaipisha Jeanne Dielman ya Chantal Akerman mwaka 2022. Filamu hazikubadilika, waliobadilika ni watazamaji na mambo wanayoyathamini. Kwa sababu hiyo, hatupendekezi orodha bali maswali manne:

(a) Je, visa vyake vinasukumana kwa sababu, au vimerundikwa tu?
(b) Je, shujaa amepewa uamuzi mgumu, awe ameishi au amekufa?
(c) Je, lugha iliyotufikia, iwe ya wahusika au ya msimulizi, imetumika kwa ufundi na heshima?
(d) Je, ni nani aliyeweza kuifuata na kuijadili, na ni nani aliyeachwa nje?

Swali la nne halipatikani katika vitabu vingi vya uhakiki. Limetoka kwa bibi kizee wa Itumbe.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mabishano kuhusu filamu bora si porojo za kupitisha usiku. Ni uhakiki unaofanywa na watu wasiojiita wahakiki, nao unafanyika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayezikusanya ngano na vitendawili huku akiupita mlango wa kibanda cha video anaacha nyuma sehemu ya fasihi simulizi ya wakati wake. Jioni ya mwisho ya likizo niliirudisha ile nakala iliyosimuliwa. Nyanya aliitazama hadi mwisho, na mwalimu alipokamatwa alimkemea askari kwa sauti. Mjadala ukaanza upya, na safari hii hakuna aliyeachwa nje.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha msimulizi wa filamu na mtambaji wa ngano katika jamii yako. Wanafanana na kutofautiana vipi?
2. "Filamu iliyosimuliwa ni kazi mpya, si tafsiri." Jadili.
3. Kwa kurejelea utendi wowote wa Kiswahili, tathmini imani kwamba steringi hafi.
4. Rekodi mjadala mmoja wa wapenzi wa filamu katika mtaa wako, kisha ubainishe vigezo wanavyovitumia bila kuvitaja.