Eli, Samweli na gitaa la mzee

Wiki hii tufungue 1Sam 3:1-10.

Kijana wa kwaya kutoka parokia moja huku Geita amenipigia simu. Wanajiandaa na jubilei, wakaona wawaalike wazee wawili waliowahi kupiga bendi kwenye kumbi za miji ya madini. Mazoezi ya kwanza yakavurugika. "Frateri, mzee anatuchelewesha," ananiambia. Na mzee naye kalalamika: hawa watoto wanaangalia nota tu, hawasikilizi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1969 kundi la roki la Uingereza, Deep Purple, lilipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, pamoja na okestra kubwa ya Royal Philharmonic. Mtunzi alikuwa mpiga kinanda wao, Jon Lord. Mwaka uliofuata nota zile zikapotea, zote. Kazi ikabaki kwenye rekodi na filamu tu. Miaka mingi baadaye mtunzi Mholanzi wa kizazi kilichofuata, Marco de Goeij, akakaa akasikiliza na kutazama, akaandika upya sehemu ya kila chombo, kisha Lord mwenyewe akasaidia kukamilisha. Mwaka 1999 wakaipiga tena ukumbini palepale, bendi sasa ni ya watu wazima kabisa. Hebu fikiria uvumilivu huo: kusikiliza kazi ya mtu mpaka uweze kumrudishia.

Sasa turudi kwa Samweli. Anaitwa usiku, anakimbilia kwa Eli mara tatu. Masikio mazuri anayo, ila hajui nani anaita. Eli macho yamefifia, na sauti yenyewe hakuisikia yeye, lakini ndiye anayetambua kuwa ni Mungu. Mmoja bila mwenzake, usiku ule ungepita bure. (Na tusisahau, Eli alikuwa na makosa yake mazito nyumbani kwake. Mungu hakusubiri apate mzee asiye na doa.)

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo kitabu cha 11, anaeleza muda kwa mfano wa mtu anayeimba zaburi anayoijua: yaliyoimbwa yako kwenye kumbukumbu, yajayo yako kwenye matarajio, na katikati kuna usikivu. Nilipoisoma darasani niliona ni falsafa tu. Siku hizi naiona kwenye kwaya. Mzee anabeba kumbukumbu, kijana matarajio. Usikivu hauna umri, na ndio unaokosekana pale mazoezini.

Korogocho, Nairobi, tangu 2008 Ghetto Classics wanawafundisha watoto muziki wa okestra kwenye eneo la parokia ya Mtakatifu Yohane, jirani na dampo la Dandora. Hakuna okestra inayosimama kwa kila mtu kupiga vizuri peke yake. Lazima umsikie wa pembeni.

Kwa hiyo nimewaomba vijana wale jambo moja. Alhamisi wazime biti ya kinanda, wafunike nota, mzee aanze peke yake. Wamfuate polepole. Wimbo wa pili waongoze wao, mzee afuate.

Mzee amekubali. Ila anakuja na waya wake mwenyewe wa gitaa, maana wa parokiani, anasema, unakoroma.