Watoto wa Manyatta Watacheza Wapi?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu karibu watu 400,000 katika mji wa Kisumu. Wengi wao wanaishi katika mitaa iliyouzunguka mji wa zamani: Manyatta, Nyalenda, Obunga, Bandani. Mpangaji wa miji anajibu maswali kuhusu bustani na viwanja vya mitaa hiyo.

Kisumu ina ziwa, ina Hifadhi ya Impala, ina Dunga. Tunadai bustani za nini tena?

Bustani ya mtaa hupimwa kwa miguu ya mtoto. Umoja wa Mataifa, katika kufuatilia Malengo ya Maendeleo Endelevu, hutumia mita 400: je, mkazi akitembea umbali huo atafika mahali pa wazi pa umma? Hifadhi ya Impala ni hazina ya taifa, lakini ina lango na kiingilio. Dunga ni ufuo wa wavuvi na wageni. Mama wa mtaa wa Kondele mwenye nusu saa kabla ya kuinjika ugali hawezi kumpeleka mwanawe huko kwa bodaboda kila jioni.

Mbona katikati ya mji kuna nafasi na Manyatta hakuna?

Ugumu wote umeanzia hapa. Mji wa zamani, uliokua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, ulipimwa na serikali, ikatenga barabara, viwanja na bustani. Manyatta na Nyalenda vilikuwa vijiji; mji ulivimeza mipaka ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ardhi ikabaki ya familia. Mzee aliwagawia wanawe, wana wakajenga vyumba vya kupangisha, na hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kuacha kiwanja. Siwalaumu wenye ardhi, kwa maana kodi ya vyumba hivyo ndiyo karo ya watoto wao. Ila ndiyo sababu bustani haiwezi kuchorwa tu kwenye ramani ofisini. Kaunti itanunua ardhi, au itabadilishana viwanja na wenyewe, au itaanza na ardhi ya umma iliyopo: viwanja vya shule, vipande vilivyo kando ya barabara, kingo za mto Auji.

Shule zina viwanja, lakini wikendi malango hufungwa.

Na mwalimu mkuu ana haki ya kuogopa. Dirisha likivunjwa Jumapili, ataulizwa yeye Jumatatu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya bustani, fukwe na mahali pa burudani, lakini shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo panahitajika makubaliano ya maandishi: kaunti ilipe mlinzi wa wikendi, ikarabati choo, ibebe gharama ya uharibifu. Kwangu mimi hii ndiyo njia ya haraka na nafuu kuliko zote, na inasikitisha kwamba haipewi uzito unaostahili.

Na ufuo wa ziwa?

Pandeni nyasi na miti, acheni mafunjo yasimame, msimwage saruji. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mno yakafurika makazi na fukwe. Uwanja wa nyasi hukauka ukatumika tena. Jengo hubaki gofu.

Pesa zikiwa kidogo, kipi kitangulie?

Kivuli, maji ya bomba, choo na taa. Jua la Kisumu la saa nane mchana huifanya bembea ya chuma isigusike, kwa hiyo miti ipandwe hata kabla ya bembea kununuliwa. Kisha waulizeni wasichana. Mjini Vienna, Austria, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wasichana wakikaribia umri wa miaka kumi huanza kutoweka bustanini, kwa sababu wavulana wameutwaa uwanja wote. Jiji likagawa nafasi upya, likaongeza viwanja vya michezo mingine na viti vya kukaa kwa makundi, na wasichana wakarudi. Kwetu, tukitandaza uwanja mmoja wa kandanda na kuuita bustani ya mtaa, nusu ya watoto tumeshawafungia nje.

Tutazuiaje unyakuzi?

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa hadharani, na hatimaye mradi ukafa. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi nchini kote. Bustani isiyopimwa wala kuwa na hatimiliki ni windo rahisi. Unyakuzi nao si wa matajiri tu: bustani ya Oile, katikati ya Kisumu, iligeuka soko kwa kuwa wachuuzi hawakuwa na pengine pa kuuzia. Anayepanga bustani apange na soko.

Kaunti ikiitisha kikao cha bajeti katika wadi yako, nenda. Kabla ya kuuliza kuhusu bembea, uliza namba ya kiwanja, vigingi vya mpima viko wapi, na hatimiliki imeandikwa jina la nani. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.