Bwawa Linalopungua Maji



Mimi ni fundi wa mabomba na ujenzi hapa Kampala. Katika somo hili nataka kuwaonyesha jinsi ya kutafuta mahali panapovuja katika bwawa la kuogelea la nyumbani, na jinsi ya kupaziba. Najua wengi wenu hamna bwawa nyumbani kwenu. Mimi pia sina. Lakini mwenye bwawa likimharibikia humwita fundi, na huenda siku moja fundi huyo akawa wewe. Tena, mengi nitakayoeleza yafaa vilevile kwa tangi la maji ya mvua.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kabla ya kuziba ufa yapasa kujua uko wapi, na kabla ya hapo yapasa kujua kama upo.

Nitatumia mfano wa kazi niliyoifanya mwenyewe. Bwawa lilikuwa la saruji, limetandazwa vigae, urefu wake mita 8 na upana mita 4. Kila asubuhi maji yalionekana yamepungua, na malipo ya maji yalikuwa yamepanda sana. Mwenye nyumba alikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kwamba sakafu ya bwawa imepasuka na haina budi kuvunjwa yote. La pili, kwamba mzee anayetunza bustani huchota maji usiku na kuyauza. Mshahara wa mzee wa mwezi ule ulikuwa umezuiliwa. "Fundi," aliniambia mwenye nyumba, "Jumatatu anza kuvunja. Na huyu mzee, mwezi ukiisha naye ataondoka." Nikamwomba anipe siku chache za kupima kwanza. Akakubali, kwa sababu kupima hakukumgharimu kitu.

KWANZA: JE, BWAWA LAVUJA KWELI?

Maji ya bwawa hupungua hata kama hakuna tundu, maana jua na upepo huyageuza kuwa mvuke. Mvuke huo hauonekani, lakini waweza kuupima kwa ndoo. Twaa ndoo, tia jiwe ndani yake ili isielee, kisha iweke juu ya kidato cha ngazi ya bwawa, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Itie maji ya bwawa mpaka kimo cha maji ndani ya ndoo kilingane na kimo cha maji ya nje. Tia alama mbili, moja ndani ya ndoo na moja nje yake. Funga bomba la kujazia, mtu yeyote asiogelee, ngoja saa 24, ndipo upime tena kwa rula. Chagua siku zisizo na mvua.

Maji ya ndoo na maji ya bwawa yamepigwa na jua lile lile na upepo ule ule. Kwa hiyo yaliyogeuka mvuke ni karibu sawa. Kama yote mawili yamepungua sawasawa, bwawa ni zima, na fundi mwaminifu hukusanya vyombo vyake akaenda zake. Kama maji ya bwawa yamepungua zaidi, ile tofauti ndiyo inayovuja.

Katika kazi yangu, maji ya ndoo yalipungua milimita 4, na ya bwawa milimita 22. Tofauti ni milimita 18. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami: mita 8 mara mita 4 ni mita za mraba 32. Mita 32 za mraba mara mita 0.018 ni mita za ujazo 0.576, yaani lita 576. Hizo ni karibu jerikeni 29 za lita 20, kila siku.

PILI: NI MABOMBA, AU NI BWAWA LENYEWE?

Pima mara mbili: mara ya kwanza pampu ikifanya kazi kama kawaida, na mara ya pili ikiwa imezimwa. Pampu ikifanya kazi, maji katika bomba la kurudisha husukumwa kwa nguvu. Basi bomba hilo likiwa na tundu, maji hupotea zaidi wakati pampu inapokwenda. Bomba la kuvuta lina tabia nyingine: likiwa na tundu, huvuta hewa pampu inapokwenda, nawe utaona mapovu yakitoka mahali maji yanapoingilia bwawani. Kama tofauti ni ile ile pampu ikienda au ikilala, mshuku bwawa lenyewe na vitu vilivyopachikwa ndani yake.

Kwangu tofauti ilibaki milimita 18. Mara hii ya pili nilipima saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchana ndoo ilipungua milimita 3 na bwawa milimita 12. Usiku ndoo ilipungua milimita 1 na bwawa milimita 10. Tofauti ya mchana ni 9, na ya usiku ni 9. Nikamwita mwenye nyumba nikamwonyesha kitabu changu. Mwizi wa usiku hachoti maji mchana mbele ya watu, wala hawezi kuchota kiasi kile kile mchana na usiku. Alitazama zile tarakimu kwa muda, akanyamaza.

TATU: MAHALI PENYEWE

Acha maji yashuke, ukitazama kama yatasimama mahali. Ukutani kuna kidirisha kinachomeza majani na takataka zinazoelea. Maji yakishuka chini ya kidirisha hicho kisha yasivuje tena, ubovu uko pale, mara nyingi katika kiungo cha plastiki na saruji. Kwangu, siku ya tano maji yalikuwa chini ya kidirisha, na bado yalivuja vilevile.

Lakini angalieni sana: msiondoe maji yote. Mnakumbuka kanuni ya Archimedes? Bwawa tupu ni kama mashua iliyofukiwa ardhini. Masika, udongo ukishiba maji, maji hayo husukuma kutoka chini, na bwawa zima laweza kuinuka na kupasuka.

Baada ya hapo tumia rangi. Zima pampu, ngoja maji yatulie kabisa, vaa miwani ya kuogelea, na utie rangi ya chakula katika bomba la sindano lisilo na sindano. Itoe kidogo kidogo karibu na kila ufa, kila kiungo na kila taa. Mahali pazima rangi huning'inia kama moshi. Mahali panapovuja huvutwa na kuingia ndani. Lakini kabla ya kuingia majini, umeme wa taa ukatwe kwenye swichi kuu, na fundi umeme athibitishe. Hapo pasiwe na haraka.

Rangi yangu ilivutwa nyuma ya taa. Nyuma ya taa kuna bomba dogo linalopitisha waya ukutani mpaka juu ya ardhi. Maji ya bwawa huingia humo, na bomba hilo likipasuka udongoni, maji hupotea mchana na usiku.

NNE: KUZIBA

Nilifungua taa nikaipandisha ukingoni kwa waya wake, nikasafisha mdomo wa lile bomba dogo, nikaujaza epoksi ya kukanda, ile inayoganda hata ndani ya maji, kuuzunguka waya wote. Siku ya pili nikairudisha taa.

Kama ungekuwa ufa wa sakafu, ningeuchimba kwa tindo mpaka upate umbo la V, ningeondoa vumbi na vipande vilivyolegea, ndipo ningeukandika saruji inayoganda upesi ndani ya maji. Saruji ikipakwa juu ya ufa mwembamba bila kuuchimba haishiki.

Mwisho wa kazi, rudisha ndoo upime tena. Ndoo ilipungua milimita 4, na bwawa milimita 4. Sakafu haikuvunjwa hata kigae kimoja. Mzee alilipwa mshahara wake jioni ile, na mpaka leo ndiye anayetunza bustani ile.

ZOEZI

1. Bwawa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Kwa siku moja ndoo imepungua milimita 5 na bwawa milimita 15. Ni lita ngapi zinazovuja? Ni jerikeni ngapi za lita 20?

2. Tangi la shule lina kifuniko kinachobana, na eneo la sakafu yake ni mita za mraba 5. Usiku mmoja, bomba zote zikiwa zimefungwa, maji yameshuka milimita 12. Ni lita ngapi zilizopotea?

3. Ndoo imepungua milimita 6, na bwawa milimita 6. Mwenye nyumba ataka uvunje sakafu, na fedha anazo mkononi. Utamwambia nini?

Majibu mpelekeeni mwalimu wenu wa hesabu.