Ngozi ya Mtoto Huanzia Uani

Mtoto akijikuna, majirani humtazama mama: hamwogeshi! Lakini kwenye mitaa kama Manzese au Tandale, nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na familia sita, bomba moja na ua mmoja wa kuchezea. Sabuni ya mama peke yake itafua dafu wapi?

1. Upele ni wa nyumba nzima. Kidudu chake huhama ngozi kwa ngozi, na watoto wanaobanana godoro moja wanakirahisishia safari. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, kwa hiyo "mimi mbona sina kitu" si ushahidi. Wanaolala pamoja wote watibiwe siku moja, na dawa irudiwe kama mlivyoelekezwa zahanati. Ukimpaka mmoja tu, baada ya muda unaanza upya. Wala usione aibu: tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeuweka upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

2. Siku hiyohiyo fua shuka na nguo kwa maji ya moto, uanike juani. Kisichofulika kiweke kando wiki nzima. Kidudu kikikosa mwili wa mtu, hufa ndani ya siku chache.

3. Mchunguze kinyozi. Mapunye hupenda mashine isiyosafishwa, chanuo na kofia za kuazimana. Na ukishayaona kichwani, dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi amejificha kwenye mizizi ya nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, tena aimalize hata kama nywele zimeanza kuota.

4. Maji yakiwa ya kununua kwa dumu, kuoga ndiko hukatwa kwanza. Bana kwingine: maji ya kusuuzia nguo yatamwagwa chooni. Kisima cha chumvi na sabuni kali ya unga hukausha ngozi, hasa ya mtoto mwenye pumu ya ngozi. Mpake mafuta ya mgando akitoka kuoga tu, mwili ukiwa bado na unyevunyevu.

5. Moshi wa taka nao huchokoza ngozi yenye pumu. Zungumza kwanza na jirani anayezichoma, mjumbe wa mtaa baadaye.

6. Zile krimu za mchanganyiko unazoshauriwa dukani? Nyingi zina steroidi. Mwasho unatulia, mama anafurahi, fangasi anaendelea kutambaa kimyakimya. Ziache mpaka mtoto apimwe.

7. Vidonda vya kujikuna vikitunga usaha, si jambo la kusubiri. Baadhi ya bakteria wake huweza kuleta madhara mpaka kwenye figo. Ukiona uso umevimba asubuhi au mkojo umegeuka wa kahawia, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho.