Kabla Hujaondoa Ndevu kwa Leza

Pengine umeona tangazo la kuondoa ndevu au vinyweleo kwa leza, na unajiuliza kama ngozi yako nyeusi itasalimika. Itategemea mashine na anayeishika.

Leza ni mwanga wa rangi moja ulioelekezwa kwa nguvu mahali padogo. Mwanga huo ukigusa ngozi, sehemu ndogo hurudi nje. Unaobaki huingia na kutawanyika ndani mpaka ufyonzwe. Kinacholengwa hapa ni melanini, yaani rangi nyeusi iliyo ndani ya nywele. Melanini ikifyonza mwanga hupata joto, na joto hilo huunguza mzizi. Ndiyo maana mvi haziondoki kwa leza.

Lakini melanini hiyohiyo imejaa kwenye tabaka la juu la ngozi nyeusi. Kama shati jeusi juani, tabaka hilo huweza kuungua kabla mwanga haujafika kwenye mzizi, ulio milimita kadhaa chini. Hapo hutokea malengelenge, mabaka meusi au meupe, na kwa wengine makovu ya kuvimba.

Kwa hiyo uliza: mashine hii ni ya nanomita ngapi? Nanomita ni kipimo kidogo mno cha urefu wa wimbi la mwanga. Leza ya alexandrite, nanomita 755, hufyonzwa sana na melanini. Ile ya Nd:YAG, nanomita 1064, hufyonzwa kidogo na kupenya zaidi, na kwa ngozi nyeusi ndiyo salama zaidi. Mhudumu asiyeijua namba hiyo, muage.

Bei hutajwa kwa kikao kimoja, ilhali kwa kawaida huhitajika vikao sita au zaidi, vikiachana wiki nne hadi nane. Piga hesabu ya vyote kwanza, ukijua kuwa nywele hupungua sana lakini baadhi huweza kurudi. Ushauri wa daktari wa ngozi utaupata hospitali kubwa, kama Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi.

Wiki nne kabla ya kikao, usinyonyoe wala kutumia nta, maana mzizi lazima uwepo. Kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa. Mweleze daktari dawa na krimu zote unazotumia, hasa za kung'arisha ngozi. Dai jaribio kwenye kipande kidogo cha ngozi, na usikubali kuanza bila miwani ya kukinga macho.

Ukipata lengelenge, lipoze kwa maji baridi, usilipasue, na umwone daktari siku hiyohiyo.