Historia ya Tabora: tusiishie kusikiliza

MWEZI uliopita kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Tabora alinikaribisha kwake tusikilize mazungumzo kwa njia ya mtandao. Maktaba moja ya Ulaya ilimwalika mwandishi wa kitabu cha historia ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu hadi Ujiji. Bando lilikatika mara mbili, lakini Alhamdulillah tulisikia mengi.

Nimpe haki yake. Alieleza vizuri kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, na kwamba Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla Waarabu hawajajenga hapa. Wengi wetu tunadhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa.

Tatizo lilikuwa mashahidi wake. Burton, Livingstone, Stanley, kisha Stanley tena. (Hata sisi, tembe la Kwihara tunaliita la Livingstone, naye alikaa miezi michache tu mwaka 1872.) Ulipofika wakati wa maswali nikamwandikia: je, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, umemsoma? Akajibu kwa adabu kuwa amemsoma kwa tafsiri tu, kwani Kiswahili hakijui.

Nikacheka. Kijana akanigeukia: "Mzee, wewe umemsoma?"

Nikanyamaza. Nilikuwa namjua kwa kusikia tu.

Basi nikatafuta, nikapata fotokopi. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyageuza kwa herufi za Kilatini. Mwandishi alifariki Zanzibar mwaka 1905. Mwaka 1958 na 1959 Whiteley akayatoa tena pamoja na Kiingereza. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi hapa Unyanyembe, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo huyu si mgeni wetu.

Kilichonishangaza ni madeni. Biashara ile ilikwenda kwa mali kauli: unachukua vitambaa na shanga Unguja kwa akina Taria Topan, unarudi na pembe baada ya miaka. Waraka nyingi za madeni ya wafanyabiashara wa zama hizo bado zipo katika nyaraka za Zanzibar. Aya ya 282 ya Al-Baqarah, inayoamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, watu wale waliifanyia kazi.

Lakini kitabu hichohicho kina vita, na watu waliotekwa. Hapo ndipo baadhi yetu tungependa kurukia ukurasa mwingine. Mimi nasema hapana. Allah (SW) ametuamrisha katika An-Nisaa, aya ya 135, tutoe ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Anayeficha ukurasa wa mateka hana uso wa kumlalamikia Stanley.

Nimekubaliana na kijana yule kwamba kila Alhamisi baada ya Isha tusome kurasa chache kwa sauti. Na wazee wenzangu ambao masandukuni mwenu mna makaratasi ya marehemu babu zenu yenye hati za Kiarabu, nawaombeni msiyachome na wala msifungie karanga. Leteni tuyasome kwanza.